Kubeti, kufungiwa na kuenziwa: kesi ya Pete Rose bila kuchanganya mafaili

Tarehe 13 Mei 2025, mtu aliyekwisha kufariki alifunguliwa adhabu yake. Pete Rose, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyefungiwa mwaka 1989 kwa sababu ya kamari, alifia Las Vegas tarehe 30 Septemba 2024 akiwa na miaka 83. Miezi saba na nusu baadaye Rob Manfred, kamishna wa ligi kuu ya mchezo huo, akatangaza kwamba jina la Rose limefutwa kwenye orodha ya waliofungiwa. Vichwa vya habari vikatangulia mbio, habari yenyewe ikabaki nyuma ikichechemea. Wapo walioelewa kuwa Rose amesafishwa. Wapo walioelewa kuwa tayari ameingizwa kwenye jumba la heshima la besiboli. Na lipo swali linalorudi kila mjadala huu unapofunguliwa: kama mtu alibeti timu yake mwenyewe ishinde, kosa lake ni lipi?

Swali hilo halihitaji uwe Mmarekani ndipo likuguse. Mji wowote wa Afrika Mashariki leo una vijana wanaohesabu mikeka iliyochanika kila Jumapili usiku, na kijiwe kizima kinaweza kukesha kikibishana juu yake. Ila ili ubishi uwe na maana, ni lazima kwanza tujue Rose alikuwa nani, alifanya nini, na nani hasa alimwadhibu kwa lipi. Mambo hayo matatu yamefungwa kwenye faili moja kwa muda mrefu mno.

Tuanze na mchezo wenyewe. Besiboli haina mashabiki wengi huku kwetu, ingawa mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika kwenye mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania. Aliyecheza raundas katika shule ya msingi nchini Kenya ana picha ya kutosha: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo (la mti, si la kunywa), kisha anatimua mbio kuzunguka vituo. Akiupiga mpira akafika salama kituo cha kwanza bila kubebwa na makosa ya walinzi, anaandikiwa pigo moja halali. Linaonekana jambo dogo, lakini hata mpigaji hodari hufanikiwa kama mara tatu tu katika kila kumi.

Rose aliandikiwa mapigo 4,256 kati ya 1963 na 1986. Hakuna aliyemfikia. Anayepata mapigo 200 kwa msimu mmoja huhesabiwa kuwa na mwaka wa kukumbukwa. Basi pata 200 kila mwaka kwa miaka 21 mfululizo, na bado Rose atakudai 56. Alitwaa ubingwa mara tatu, mara mbili akiwa na Cincinnati Reds, timu ya mji aliozaliwa, mwaka 1975 na 1976, na mara moja akiwa na Philadelphia Phillies mwaka 1980. Tarehe 11 Septemba 1985, akiwa nyumbani Cincinnati, aliipita rekodi ya Ty Cobb iliyokuwa imesimama tangu miaka ya 1920. Watu walimpenda pia kwa namna alivyocheza. Hata alipopewa kituo cha kwanza cha bure, ambapo wenzake hutembea taratibu, yeye alikimbia. Wakamwita Charlie Hustle, kwa maana ya mtu asiyejua kupumzika. Kwa kipaji cha mwili hakuwa wa kwanza katika kizazi chake, na nadhani ndiyo maana watu wa kawaida walijiona ndani yake.

Sasa maneno. Kubeti ni kuweka pesa kwenye matokeo usiyoyajua. Kuuza mechi ni kupokea pesa ili uyaharibu matokeo. Rose alifanya la kwanza. La pili hakuna aliyelithibitisha juu yake. Kufungiwa ni kuzuiwa na ligi kufanya kazi yoyote ndani ya mchezo: kucheza, kufundisha, hata ushauri wa kulipwa. Na hilo jumba la heshima, ambalo Wamarekani huliita Jumba la Umaarufu na mimi nitaliita Jumba la Magwiji, liko Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York. Lilifunguliwa 1939. Ndani yake kuna makumbusho ya kawaida ya magongo, viatu na jezi, na kuna chumba kimoja chenye mabamba ya shaba ya waliochaguliwa kuenziwa. Jumba ni taasisi inayojitegemea. Halimilikiwi na ligi. Shika hilo, kwa sababu nusu ya mkanganyiko imezaliwa hapo.

Kanuni iliyomnasa Rose ni Kanuni ya 21, na haijajificha. Hubandikwa ukutani katika vyumba vya wachezaji wa kila timu. Kipengele chake cha kamari kina ngazi mbili. Ukibeti mechi ya besiboli isiyokuhusu, unakaa nje mwaka mmoja. Ukibeti mechi ambayo wewe mwenyewe una kazi ndani yake, unafungiwa daima. Kanuni haiulizi ulibeti ushinde au ushindwe.

Mwaka 1989 Rose alikuwa kocha mkuu wa Reds. Ligi ilimwajiri mwanasheria John Dowd amchunguze, na ripoti yake ya kurasa 225 ilieleza kwamba mwaka 1987 Rose alibeti mechi 52 za Reds, timu aliyokuwa akiifundisha. Alikana. Lakini mwezi Agosti alitia saini makubaliano na kamishna Bart Giamatti, mtu aliyekuwa profesa wa fasihi na mkuu wa Chuo Kikuu cha Yale kabla ya kuingia kwenye besiboli. Yalikuwa makubaliano ya ajabu kidogo: Rose alikubali kufungiwa daima, ligi ikakubali kutoandika rasmi kwamba alibeti besiboli, na akaachiwa haki ya kuomba kurudishwa baada ya mwaka mmoja. Giamatti alipoulizwa na waandishi siku ile ya kutangaza, alisema yeye binafsi anaamini Rose alibeti. Siku nane baadaye moyo ulimsimama akafariki, akiwa na miaka 51. Wapo mashabiki wa besiboli ambao hadi leo hawajamsamehe Rose kwa hilo, ingawa moyo wa mtu una sababu zake.

Turudi kwenye lile swali la kijiweni. Wengi husema: alibeti timu yake ishinde, si ndiyo vizuri, ana moyo zaidi?

Mfikirie dereva wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza aliyeweka dau kwamba leo atafika kabla ya basi la kampuni nyingine. Abiria wanataka kufika, naye anataka kufika. Kwa juu juu hawana ugomvi. Lakini dereva mwenye dau hasimami kukagua tairi. Mlima atauchukua kwa gia asiyopaswa. Na basi hilohilo kesho linatakiwa kurudi Dar na abiria wengine. Besiboli ndivyo ilivyo: msimu mmoja una mechi 162, karibu kila siku, na mkono wa mrushaji mpira unachoka kama tairi linavyolika. Kazi kubwa ya kocha ni kujua nani apumzike leo ili afae keshokutwa. Kocha mwenye dola elfu kadhaa kwenye mechi ya leo usiku ana sababu ya kumchosha mrushaji wake bora usiku huu, hata kama mechi ya kesho na mkono wa kijana vitalipia.

Kuna la pili, ambalo husahaulika. Kocha anayebeti mechi hii na kuiacha ile anapeleka ujumbe bila kufungua mdomo. Mchezeshaji kamari anayepokea dau lake anajua siku ambazo kocha mwenyewe haiamini timu yake, na siri hiyo ina bei. La tatu ni deni. Mtu anayedaiwa na mwenye duka hawezi kumkemea mwenye duka. Mchezeshaji kamari wa mitaani asiyelipwa hana mahakama ya kwenda. Ana wewe tu, na wewe una timu. Leo anakudai pesa, kesho atakuomba umsaidie kwa kitu kidogo uwanjani. Rose huenda hakufika huko. Kanuni haikutungwa kwa ajili ya kusubiri mtu afike huko.

Nao Wamarekani wana kovu la kuwakumbusha. Mwaka 1919 wachezaji wanane wa Chicago White Sox walituhumiwa kuuza fainali. Mahakama iliwaachia huru 1921, lakini kamishna wa kwanza wa ligi, jaji Kenesaw Mountain Landis, aliwafungia wote papo hapo. Kati yao alikuwamo Joe Jackson, mmoja wa wapigaji bora waliopata kuishi, aliyepokea dola 5,000 na bado akacheza fainali hiyo vizuri kuliko wengi. Timu iliyonufaika na kuchukua ubingwa ilikuwa Cincinnati Reds. Rose alikulia katika mji huo. Hadithi hii hakuisikia ukubwani.

Hapa ndipo mafaili yanapochanganyika. Faili la kwanza ni la ligi: kufungiwa kwa 1989. Faili la pili ni la serikali. Mwaka 1990 Rose alifungwa gerezani miezi mitano, na wengi huamini alifungwa kwa kubeti. Hapana. Alikiri kuficha mapato yake kwa watu wa kodi, ikiwamo pesa ya kuuza saini zake na vifaa vyake vya mchezo. Kwa hiyo Rais Donald Trump aliposema Februari 2025 kwamba atamsamehe Rose, msamaha wa rais ungeweza kugusa faili hili tu. Rais wa Marekani hana ufunguo wa ligi wala wa Cooperstown, ingawa kelele za rais husikika popote, na yeye na Manfred walikutana Aprili mwaka huohuo.

Faili la tatu ndilo la Jumba. Rose alipofungiwa, hapakuwa na kanuni yoyote iliyosema aliyefungiwa na ligi hawezi kupigiwa kura Cooperstown. Mchezaji hustahili kupigiwa kura miaka mitano baada ya kustaafu, na zamu ya Rose ilikuwa inakaribia. Februari 1991 bodi ya Jumba ikapitisha kanuni mpya: aliye kwenye orodha ya waliofungiwa haingii kwenye karatasi ya kura. Kanuni haikumtaja mtu, lakini hata mtoto angejua imeshonwa kwa vipimo vya nani. Waandishi wa besiboli, ambao ndio wapiga kura, walinyang'anywa uamuzi kabla hawajaufanya. Wengine waliandika jina lake kwa mkono hata hivyo, na kura hizo hazikuhesabiwa. Kuhusu hili mimi niko upande wa waandishi. Kama Rose hakustahili, walipaswa kuachwa waseme hivyo wenyewe, kwa kura.

Kwamba mafaili haya ni tofauti, ushahidi ni Willie Mays na Mickey Mantle. Magwiji hao wawili walizuiwa kufanya kazi na ligi, mmoja 1979 na mwingine 1983, kwa kuajiriwa na majumba ya kamari ya Atlantic City kupiga picha na kusalimiana na wateja. Walikuwa tayari wameenziwa Cooperstown. Mabamba yao hayakuguswa. Mwaka 1985 kamishna mpya akawarudisha.

Na kinyume na anavyodhani mtu anayesikia neno kufutwa, rekodi za Rose hazikufutwa hata siku moja. Yale mapigo 4,256 yamo vitabuni. Hata Jumba lenyewe linahifadhi vifaa vyake katika makumbusho. Kinachokosekana ni bamba la shaba.

Sasa Manfred alifanya nini Mei 2025? Alisoma neno moja upya. Orodha ya ligi ni ya waliofungiwa daima. Kwa miaka mingi daima ilichukuliwa kuwa haina mwisho, hata kaburini. Jackson alikufa 1951 na jina lake likabaki. Mwaka 2015 Rose mwenyewe, akiwa hai, aliomba arudishwe, na Manfred huyuhuyu akamkatalia. Safari hii, baada ya familia kuomba, alisema adhabu inakoma mtu anapokufa: marehemu hawezi tena kuuhatarisha mchezo, na adhabu ya maisha mazima inatosha kumtisha anayefikiria kuvunja kanuni. Watu 17, wote marehemu, waliondolewa kwenye orodha siku hiyo, Jackson akiwa mmojawapo. Hakusema Rose hakubeti, wala hakusema adhabu ilikuwa kali mno. Kwa lugha ya kijiweni, Rose alitumikia kifungo cha maisha hadi siku ya mwisho, ndipo lango likafunguliwa.

Kuna hoja moja ambayo husemwa kwa hasira, na siwezi kuipita. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofungua milango mwaka 2018, majimbo mengi yameruhusu kubeti michezo, na ligi ileile iliyomfungia Rose ina mikataba na kampuni za kubeti. Matangazo yao yamejaa viwanjani. Si unafiki? Ladha ya unafiki ipo, sikatai. Ila bia nayo ni halali na hutangazwa kila kona, na bado hatumruhusu dereva wa basi kuinywa akiwa kwenye usukani. Shabiki kubeti ni jambo moja, mwenye usukani kubeti ni jingine. Na ligi haijalegeza hapo: Juni 2024 ilimfungia daima Tucupita Marcano, kijana kutoka Venezuela, kwa kubeti mechi za timu iliyokuwa ikimlipa mshahara.

Basi anastahili bamba au hastahili? Kanuni za Jumba zinawataka wapiga kura watazame rekodi ya mchezaji, uwezo wake, uadilifu, uanamichezo, tabia na mchango wake kwa timu. Anayemtetea Rose atakuonyesha waliomo ndani. Gaylord Perry, mrushaji aliyekiri kuupaka mpira mate na mafuta kinyume cha sheria, aliingizwa 1991, mwaka uleule Rose alipofungiwa mlango. Anayempinga atakuonyesha Barry Bonds, mwenye rekodi ya mipira 762 iliyopigwa ikavuka uzio, ambaye waandishi walimkatalia kwa miaka kumi kwa sababu ya tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Kila upande una mifano ya kutosha kujaza gunia.

Mimi kinachonizuia si mikeka ya 1987. Ni miaka iliyofuata. Kwa karibu miaka 15 Rose aliwatazama watu usoni akasema hakubeti besiboli, na Dowd aliyesema ukweli akaitwa mwongo na umma wa mashabiki. Mwaka 2004 akakiri, ndani ya kitabu alichokuwa anakiuza. Akashikilia kwamba alibeti akiwa kocha tu, si mchezaji. Mwaka 2015 yakaibuka madaftari yaliyoonyesha kwamba alibeti pia mwaka 1986, akiwa bado anashika gongo. Kulikuwa na siku ambazo aliuza mipira aliyoiandika kwa mkono wake kwamba anaomba radhi kwa kubeti besiboli. Tena liko jambo zito kuliko kamari, ambalo mijadala mingi hulipita kwa haraka. Mwaka 2017 mwanamke mmoja alitoa maelezo ya kiapo kwamba Rose alikuwa na uhusiano naye wa kimapenzi miaka ya 1970, yeye akiwa hajafikisha miaka 16. Rose alikubali uhusiano ulikuwapo, akadai aliamini msichana ameshafika umri huo. Phillies walifuta kabisa sherehe waliyokuwa wameiandaa kumuenzi. Anayetaka neno tabia libaki kwenye kanuni hawezi kulihesabu kwa kamari peke yake.

Mapigo 4,256 ni kama mshahara: aliufanyia kazi, akalipwa, na hakuna aliyemnyang'anya. Bamba ni zawadi, na zawadi haina mdai. Ningekuwa na kura nisingempa. Lakini ningetaka kura hiyo ipigwe, na ningewaelewa watakaompa, kwa sababu wengi wao walimwona akikimbia pale ambapo wengine walitembea.

Wenye kura si mimi. Rose hawezi tena kupigiwa kura na waandishi. Muda wake huko umepita. Jina lake sasa litapitia kamati inayowapima wachezaji wa enzi za zamani, itakayokutana Desemba 2027. Kwanza jopo jingine litachagua majina manane tu ya kuwekwa mezani, na hata kufika kwenye hayo manane hakuna uhakika. Kisha watu 16 watapiga kura, na kuingia kunahitaji 12. Kila mmoja wao anaruhusiwa majina yasiyozidi matatu, yaani kura 48 kwa jumla, kwa hiyo hata zikigawanywa kwa hesabu nzuri namna gani hawawezi kupita zaidi ya wanne. Na Joe Jackson, aliyepoteza ile fainali mbele ya Reds, huenda akawa kwenye karatasi hiyohiyo akimnyang'anya Rose kura.